Televisheni ya Marehemu

Fundi cherehani alishona nguo za mtaa ule tangu enzi macho yake yakitunga uzi bila miwani, mpaka miguu ikakataa kukanyaga pedali. Mwanawe akamwambia, "Mama, basi. Njoo ukae kwetu." Akakubali kwa shingo upande. Vyombo akawagawia majirani. Kikabaki kitu kimoja ambacho hakujua akipeleke wapi: televisheni ya marehemu mumewe.

Ilikuwa ya zile za zamani zenye chogo, sanduku la mbao lenye miguu minne na vijimlango viwili vya kufunika kioo. Siku mumewe alipoileta, nusu ya mtaa ilijazana sebuleni, na waliokosa nafasi wakachungulia dirishani. Sasa picha ilipanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Sauti, hata hivyo, ilikuwa nzima.

"Mama, hilo kabati halipiti hata mlangoni kwetu," mkamwana alimwambia kwenye simu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipokuja na nyundo mkononi, fundi alimtimua kama mwizi wa kuku. "Nyundo ya nini? Umekuja kununua au kuua?"

Ndipo akaingia kinyozi wa ng'ambo ya barabara. "Nipe mimi, mama. Mama mkwe wangu hainuki tangu kiharusi kimpige. Mimi na mke wangu tukienda kazini, anabaki na kuta tu. Hata sauti peke yake itamfaa."

Fundi alifurahi, akaanza kuipangusa kwa upindo wa gauni lake.

"Ina kasoro gani?"

"Picha tu, inacheza."

Hakusema uongo, ila alimeza nusu ya ukweli. Chombo kile kikiwashwa kwa muda mrefu, chogo lilipata moto kama pasi, na safari moja lilitoa moshi hadi pazia likababuka. Alihofia kwamba akilisema hilo, kinyozi atarudi nyuma na mwenye nyundo atarudi mbele. Nitamwambia baadaye, alijisemea. Baadaye ikapita, akahama.

Alasiri moja huko kwa mwanawe, mkamwana alisahau pasi juu ya shati. Harufu ya kitambaa kilichoungua ikajaa sebuleni. Fundi akainuka ghafla, kikombe kikamponyoka.

"Ni shati tu, mama," mkamwana akacheka.

"Si shati," alisema, tayari anatafuta viatu. Alimpigia kinyozi, simu ikaita, ikaita, haikupokelewa. Akatoka kurudi mtaa wake wa zamani.

Alimkuta kinyozi katikati ya kichwa cha mteja, mashine ikivuma.

"Mama mkwe wako yuko na nani?"

"Na televisheni, mama. Haizimi kutwa."

"Twende!"

Uso wake ulitosha. Mteja aliachwa upande mmoja ana nywele, upande mwingine kipara. Walipofika nyumbani kwake, kinyozi alifungua kufuli la nje, na joto lenye harufu ya vumbi na vanishi likawapokea. Mgonjwa alikuwa amelala ubavu, anasikiliza taarifa. Juu ya sanduku mtu alikuwa ametandika kitambaa cha kufuma ili lipendeze, na ncha iliyoning'inia nyuma ilishakuwa ya kahawia. Fundi akachomoa waya ukutani.

"Mbona umenizimia?" Maneno yalitoka kwa upande mmoja wa mdomo.

"Inaweza kuwaka moto, dada."

"Umelijua hilo lini?"

Angeweza kusema leo. "Kabla sijawapa."

Kinyozi alimgeukia. "Mama, mimi huufunga huu mlango kwa nje." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuuma fundi zaidi. Kinyozi akachukua kisu cha jikoni ili aukate waya.

"Usikate!" mgonjwa alilia, lakini waya ulishakatika. Alimtazama mkwewe, kisha mgeni. "Sasa nitakuwa na nani?" Akaugeuzia ukuta uso wake, na hakuitikia kwaheri ya fundi.

Kesho yake fundi alirudi na redio yake mwenyewe, ile aliyokuwa akiisikiliza akishona. Kinyozi alimfungulia bila maneno mengi. Alisema tu kwamba mtu wa vyuma chakavu amekwisha kuitwa. Fundi hakubisha. Alilipita sanduku bila kuligusa, akaiweka redio juu ya kigoda, upande wa mkono mzima wa mgonjwa.

Mgonjwa aliitazama.

"Na hii ina nini ambacho hujasema?"

"Kitufe cha sauti kinakwama. Usikizungushe kwa nguvu."

"Na kingine?"

"Betri hazidumu. Nitaleta nyingine."

"Kingine?"

"Hakuna, dada."

Mgonjwa aliunyoosha mkono polepole, akaiwasha mwenyewe, macho yake hayabanduki usoni mwa fundi.