Njia ya Msituni Kwenda Rubya

Asubuhi baada ya mvua, msitu uliotutenga na Rubya ulinuka utomvu wa misonobari na majani yaliyooza. Ukiingia zaidi, kwenye miti ya asili karibu na kijito, harufu ile iligeuka kuwa ya udongo baridi, kama ya chumba ambacho hakijafunguliwa siku nyingi. Nilikuwa na miaka kumi na moja na niliuogopa msitu ule kuliko kitu chochote, isipokuwa kimoja: kuulizwa barabarani kwamba mama yangu anaumwa nini.

Tata, baba yetu, alikuwa amerudi kutoka vitani mzima, bila hata kovu, na kijiji kizima kilikuja kibanjani kwetu, nyumbani kwenye migomba, kumshukuru Mungu. Miaka michache baadaye akaanza kukonda. Ugonjwa wenyewe watu waliuita kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikivushwa kwa magendo mpakani, kwa kuwa hakuna aliyejua jina lake halisi, na walipolijua hawakutaka kulitamka. Siku tuliyomzika Tata, dada yake wa mwisho, Shangazi Paskazia, aliyekuwa fundi cherehani mjini Bukoba, alisimama mbele ya waombolezaji akamwambia mama yangu, "Wewe ndiye uliyemmaliza kaka yangu." Mama alikaa kwenye majani makavu ya migomba yaliyotandikwa kwa ajili ya msiba, akiangalia mikono yake. Shangazi aliondoka jioni ileile, na hatukumwona tena mpaka mvua za mwaka uliofuata, Mama alipokuwa tayari amelazwa hospitalini Rubya. Alikuja na baiskeli yake ya kike, amefunga sanduku nyuma. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba na ina vipele. Kaka yangu Deo, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alimwangalia muda mrefu, kisha akalipokea sanduku bila kumsalimu.

Wiki hiyo katekista, jirani yetu aliyekuwa akienda kuwaona wagonjwa, alituletea ujumbe. Mama alitaka kutuona sote kwa pamoja, na Paskazia naye aje. Akaongeza kwa sauti ya chini kwamba tusikawie. Magari yalikuwa haba, na barabara ilizunguka mlima na kupanda kwa muda mrefu. Deo alikuwa akipita huko kila wiki kupeleka chakula, lakini Shangazi alipojaribu kupanda mwinuko wa kwanza alitapika kando ya njia. Kwenye maduka ya barabarani mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu tulipopita. Tulirudi nyumbani. Ndipo Deo aliposema kwamba msituni kuna vijia vingi vya wapasua mbao na wachanja kuni, na kwamba lazima kimoja kiwe kinatokea Rubya.

Alikipata siku ya pili. Kilikuwa kifupi kweli, kimenyooka, nasi tukamfuata kwa furaha. Deo aliendesha baiskeli ya katekista. Mimi niliendesha ile kubwa nyeusi ya Tata, na kwa kuwa sikuweza kukifikia kiti, nilipitisha mguu chini ya bomba la juu na kunyonga pedali nikiwa nimejipinda kama kaa. Shangazi alikuwa nyuma. Kijia kiliteremka ghafla kwenye mizizi, na kabla sijaishika breki nilikuwa chini, goti limechanika. Deo alikwishavuka kijito juu ya gogo, baiskeli begani. Nilipogeuka nilimwona Shangazi ameketi kwenye matope, baiskeli imemlalia miguuni, akikohoa bila kukoma.

"Nitakwenda peke yangu," Deo alisema aliporudi. "Nitamwambia Mama kwamba mmeshindwa."

"Utamwambia nani ameshindwa?" Shangazi aliuliza alipopata pumzi. "Huyu mtoto?"

"Wewe. Ungekuwa na haraka hii siku ya matanga, ungewahi kuufunga mdomo wako."

Nilidhani Shangazi atampiga. Alijipangusa matope kwenye viganja polepole. "Umesema kweli," alimwambia. "Ndiyo maana lazima nifike. Nitafutie njia ninayoiweza, Deo. Sikuombi kwa ajili yangu tu."

Tangu kesho yake tuliitafuta. Kwa siku nne yeye alitangulia kwa miguu kukagua, mimi nikafuata na baiskeli kuona kama ninaweza kupita, na penye kufaa tulifunga kamba za magome ya migomba kwenye miti. Nilijifunza kuitazama ardhi kwa macho ya mtu dhaifu. Mwinuko ambao Deo hakuuona hata kidogo, kwangu ulikuwa ukuta. Mchanga uliompendeza kwa ulaini ulinimeza gurudumu. Kijia cha kwanza kiliishia kwenye bwawa, cha pili kwenye mashimo ya wachoma mkaa. Kila jioni tulirudi na Shangazi alituuliza kwa macho tu, nasi tukatikisa kichwa. Siku zilikuwa zinakwisha na sote tulijua.

Siku ya nne tulikuta wapasua mbao wawili kwenye shimo lao la kupasulia. Yule aliyesimama juu ya gogo, mzee, alisimamisha msumeno. "Mnatafuta kuni?"

"Hapana, waitu," Deo akajibu kwa heshima. "Njia ya baiskeli kwenda Rubya."

"Hii hapa mbele si inakwenda? Kijana kama wewe utafika mara moja."

"Si yangu. Ni ya shangazi yetu. Ni mgonjwa."

Yule mzee alitutazama, kisha akatazama upande mwingine, nikafikiri amekwisha kutuelewa na sasa atatufukuza. Lakini alishuka kwenye gogo, akatupeleka mwenyewe nyuma ya vichaka hadi kwenye njia pana iliyoota majani mafupi. Zamani walikuwa wakiburutia magogo hapo. Ilizunguka ubavu wa mlima taratibu, bila kupanda wala kushuka sana, ikavuka kijito mahali penye mawe bapa. "Ni ndefu," alisema, "lakini hata ng'ombe waliochoka walikuwa wanafika."

Jumapili tuliondoka mapema, ndizi na maharage vimefungwa kwa majani kwenye keria ya Deo. Shangazi aliwekwa mbele ili mwendo wake uwe ndio mwendo wetu. Alishuka mara nyingi. Kila aliposhuka, Deo alishuka pia, akajifanya anakaza mnyororo. Tulifika jua likiwa juu.

Mama alikuwa amekuwa mdogo sana kitandani. Shangazi alipiga magoti sakafuni kumsalimu, kama mke mgeni anavyowasalimu wakwe.

"Wifi, nilikukosea," alisema.

Mama alimtazama viatu vyake vilivyojaa matope. "Mmepita wapi?"

"Msituni. Watoto wamenitafutia njia."

"Na wewe umeendesha?"

"Nimeendesha."

Mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na Shangazi akaushika mkono wake mpaka kikohozi kikapita. "Kaa hapa kitandani, umechoka," Mama akasema. "Utakaa na watoto wangu?"

"Nitakaa nao mpaka nitakaposhindwa."

Tuliipita njia ile Jumapili nne. Ya tano Mama hakuwepo tena. Shangazi aliitimiza ahadi yake kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alitushonea sare za shule, akanifundisha kukata kitambaa, na alipoishiwa nguvu Deo alimfunga kwa kanga kwenye keria tukamsukuma msituni humo humo kumpeleka Rubya. Shangazi alifia huko akiwa na miaka thelathini na mmoja. Deo alikwenda visiwani kuvua samaki, na hata leo tukikutana hatuzungumzii habari hizi.

Sasa ninaishi Buhembe, mjini Bukoba. Mwaka jana mwanangu na wenzake, vijana wenye baiskeli za matairi manene na kofia ngumu, waliniomba niwaonyeshe msitu ule wa kwetu. Walitaka njia itakayowafaa wazoefu na wanaojifunza kwa pamoja. Sehemu kubwa ya miti ya asili imekatwa, na ile njia ya magogo nilipata kipande chake tu. Miongoni mwao alikuwemo msichana mmoja, Jovina, mwenye mbio kuliko wote. Saa tatu kamili simu yake iliita, akasimama, akatoa kidonge mfukoni, akakimeza kwa maji mbele ya kila mtu. "Nilizaliwa na virusi, mama," aliniambia alipoona ninamtazama, kwa sauti ileile ambayo angeniambia jina la kijiji chake. Kisha akawapigia wenzake kelele kwamba wanachelewa. Nilibaki nimesimama kati ya misonobari, nikifurahi kwa ajili yake, na nikiona uchungu ambao sikujua niuelekeze kwa nani. Dawa ile ilifika kwetu Shangazi akiwa kaburini zaidi ya miaka kumi na mitano.