Jina Alilopewa Mzee Elkana

Mwalimu Batholomeo alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko mshahara. Miaka kumi na tisa katika shule ya Kemambo, kila mwaka wanafunzi wake walipofika kwenye uhuru wa India, alifunga kitabu akazungumza mwenyewe.

"Gandhi hakuzaliwa Mahatma," alikuwa akisema. "Maana yake ni roho kuu, na ni watu waliompa. Wengine wakamwita Bapu, yaani baba. Tena lile jina kubwa lilimkera mwenyewe. Leo katiba yao inaizuia serikali kugawa majina ya namna hiyo. Heshima ya kweli haiombwi wala hainunuliwi."

Maneno matamu! Kumbe ukuta una masikio. Mkuu wa shule, Benedicto, alikuwa akisikiliza dirishani, na alichokisikia ni kingine kabisa. Wiki ya mahafali akamwita ofisini.

"Mura," akaanza, yaani kijana kwa Kikurya, "mgeni rasmi ni Mzee Elkana. Ameahidi mabati ya madarasa mawili. Zile heshima za Wahindi unazofundisha, na yeye mtafutie moja uiweke kwenye risala."

Elkana nani asiyemjua? Mwaka jana duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka, likamuua Limbu, mchimbaji aliyetoka Shinyanga. Elkana hakukanyaga msibani. Na Theodora, bintiye Limbu, ndiye aliyeteuliwa kusoma risala, kwa kuwa shule nzima hakuna aliyemshinda kusoma.

"Mkuu, basi asome mwingine."

"Mwingine yupi? Mvua inawanyeshea watoto, wewe unachagua maneno?"

Kweli, mvua ilikuwa ikiwanyeshea. Batholomeo alijiambia hivyo mara nyingi alipokuwa akiandika, wala tusimhukumu upesi, mkono mtupu haulambwi. Akaandika: "Baba Yetu, Mzee Elkana." Aliona aibu, lakini hakufuta.

Asubuhi ya mahafali Theodora alimfuata na karatasi mkononi.

"Shikamoo, mwalimu. Hapa pa 'Baba Yetu', nisome hivi hivi?"

Kalamu ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Kukata mstari mmoja tu kungetosha. Getini gari la Elkana likapiga honi.

"Soma, mwanangu," akasema.

Akasoma. Hakutetereka, hakuruka neno. Vigelegele vikapigwa, Elkana akasimama akapunga mkono, Benedicto akatabasamu hadi magego yakaonekana. Kwenye viti vya wazazi, mjane wa Limbu alikuwa ameinamisha kichwa. Batholomeo alimwona, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Shughuli ilipokwisha, Theodora alimrudishia karatasi kwa mikono miwili. Mwalimu akaipokea bila kuthubutu kumtazama usoni.

"Theodora, nisamehe. Nitakwenda kwa mama yako, nimweleze."

"Usiende, mwalimu. Ameshaniuliza ni nani aliyeandika yale maneno. Nimemwambia ni mimi."