Maji Yanayokuja Yamepikwa

Mwanangu alikuwa hajafikisha mwaka alipoanza kuhara, na hakuna mtu aliyetaka kuzungumza habari ya maji. Nikiandika haya bado nakereka. Mfereji wetu ulikuwa ukitoa maji ya rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, yana uvuguvugu kama mate, na watu wazima wenye macho yao waliyatazama, kisha wakanigeukia mimi.

Tulikuwa tumepanga nyumba kwenye ploti moja nyuma ya mtaa wa Kondele. Likizo yangu ya uzazi ilipokwisha nilirudi kuuza vitambaa dukani, na mama mkwe akaja kutoka kwao Usenge, kando ya ziwa, kunishikia mtoto. Alifika na gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, na maoni mengi. Siku ya kwanza tu alifungua mfereji wa jikoni, akatia mkono chini ya maji, akacheka.

"Yawa! Nyinyi wanawake wa town! Hata maji mnaletewa imeshapikwa!"

Nikajua ananichokoza. Kwamba mimi mvivu, kwamba shingo yangu haijawahi kubeba ndoo kutoka ziwani. Niliosha vyombo kwa kishindo, akasikia.

Kuhara kulipoanza nilikimbia zahanati, nikapewa zile pakiti za chumvi za kukoroga kwenye maji yaliyochemshwa. Mtoto akapata nafuu, akarudia, akapata nafuu, akarudia. Mashavu yakaisha. Ndipo mama mkwe akaanza kutaja chira, ugonjwa unaomkausha mtoto kwa sababu wazazi wake wamevunja mwiko.

"Mwiko gani, Mama?"

"Wewe ndiye unajua."

Mume wangu alikuwa akila. Hakuinua kichwa. "Mama anajua mambo haya," akasema. Basi ikaamuliwa, bila mimi kuulizwa, kwamba Jumapili baada ya kanisa mtoto angepelekwa Usenge akanyweshwe dawa ya miti, na angekaa huko hadi apone. Mtoto ambaye alikuwa bado ananyonya! Nilisema hapana. Wakaendelea kula.

Kilichonitesa ni kwamba maji ya mtoto nilikuwa nikiyachemsha. Kila jioni sufuria kubwa, nayapoza, nayamimina kwenye jagi, nafunika na sahani. Nikirudi kutoka kazini nakuta jagi limeisha, naridhika. Sasa kama ni maji, yalikuwa yakimwingia kupitia wapi? Na kama si maji, basi ni mimi. Nilitembea na swali hilo hadi dukani, nikawa nawakatia wateja vitambaa vifupi.

Nikamvizia mwenye ploti alipokuja kukagua choo.

"Ni jua, mama," akasema. "Hiyo paipu haikufukiwa sana, jua inaipiga."

"Na saa kumi na mbili asubuhi, Mzee? Jua gani linapiga saa hiyo?"

"Basi ni ziwa. Ziwa imechafuka."

"Na yule wa ng'ambo ya barabara anakunywa ziwa gani?"

Nilikuwa na ushahidi. Nilikuwa nimevuka barabara na gilasi, nikaomba maji kwa watu nisiowajua: yalikuwa baridi, unaona hadi chini. Yangu niliyaacha yatulie dirishani, yakaweka tope jekundu na vipande vya kutu. Kwa hivyo ubaya ulikuwa kati ya barabara na jikoni kwangu, si ziwani wala mbinguni. Mwenye ploti aliangalia zile gilasi mbili, akacheka, akawaambia wapangaji wengine, "Huyu amemaliza fomu foo, sasa anatufungulia maabara." Akaenda zake.

Jumamosi nilitoka dukani mapema. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya safari ya Usenge, na nguo za mtoto zilikuwa tayari zimefungwa kwenye leso karibu na mlango. Nilifungua mfereji kufua nepi. Maji yalitoka baridi. Mekundu kidogo mwanzoni, halafu meupe. Nikasimama na nepi mkononi, yakimwagika. Kwa nini leo?

Nikanusa. Hapakuwa na moshi.

Nyuma ya ukuta wa jiko langu, kwenye ua, kulikuwa na mama aliyekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa. Aliwasha magogo yake kabla ya jua kutoka na hakuyazima hadi jioni, kila siku ila Jumamosi. Alikuwa Msabato. Jumamosi karai lake lililala kifudifudi, majivu yamepoa.

Nikachukua jembe. Nilikuwa nimeshayatawanya majivu yote aliporudi kutoka kanisani, amevaa nyeupe, Biblia kwapani.

"We! Umekuja kuniibia majivu?"

"Mama, kuna paipu chini ya moto yako."

"Hapana."

"Nitaipata."

"Mimi leo siwezi kushika jembe, ni Sabato," akasema, akaweka Biblia mahali pasafi. "Lakini chimba hapo kushoto. Hapo kulia nilichimba nikagonga mawe."

Mama mkwe akatoka nje na mtoto kiunoni. "Sasa ni majivu ya watu? Halafu unaniuliza mwiko gani!"

Sikugeuka. Jembe likagonga chuma. Paipu ilikuwa imepita hapo hapo, imefukiwa kwa tope la kiganja kimoja, imeungua hadi inamenyeka. Penye maungio, katani iliyozibia ilikuwa imeteketea, na maji yalivuja kwenye udongo mweusi uliojaa magamba na uchafu wa kuoshea samaki. Mjini maji yalikuwa yakikatika karibu kila siku. Yakikatika, paipu iliyotoboka huvuta ndani uchafu ulio nje yake. Hilo nilifundishwa darasani na nilikuwa nimelisahau kabisa.

Mama wa samaki aliinama, akashika kiuno. "Woi! Kumbe nawachemshia watu maji bure, na hata shukrani sipewi!"

Nikacheka, kwa mara ya kwanza wiki ile. Mama mkwe hakucheka.

"Kwani si kanso ya mji ndiyo inachemsha haya maji?" akauliza.

Tukamtazama.

"Mama," nikasema, "mtoto amekuwa akinywa maji gani?"

"Hii ya mfereji. Ya moto." Alisema kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu anajua. "Ile ya jagi imelala, imekuwa baridi. Nani anampa mtoto maji baridi?"

"Na jagi?"

"Nilikuwa naosha nayo sahani."

Nilikuwa na maneno, na niliyataka yote. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Lakini alimtazama mtoto, akaitazama ile paipu, uso ukamwanguka, na maneno yangu yakakosa pa kutua. Akanikabidhi mwanangu. Akachukua ndoo, akavuka barabara, akaenda kubisha kwa watu asiowajua kuomba maji.

Jua lilipozama mama wa samaki alihamishia mawe yake upande wa pili wa ua, huku akilalamika. Fundi wa bomba aliletwa Jumatatu. Mwenye ploti aliwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyegundua.

Jumapili mume wangu alitoka kanisani, akakuta ile leso imefunguliwa na nguo zimerudi kabatini. "Si Mama alikuwa aende na mtoto?"

"Mtoto ananyonya," mama yake akamjibu. "Atabaki."

Chira haikutajwa tena. Wala hakuna aliyesema nilikuwa na haki. Siku mama mkwe aliporudi Usenge nilimsindikiza hadi steji, mwanangu mgongoni. Aliposhika mlango wa gari akanigeukia.

"Chemsha maji," akaniambia.

Mimi! Mimi ndiye wa kuambiwa! Nilirudi nyumbani nikitembea kwa hasira hadi kiatu kikakatika. Nikafika, nikamlaza mtoto, nikabandika sufuria.