Shimo la Mwanakombo na Macho ya Andrea

Pale Mahurunga palikuwa na mwanamke akiitwa Mwanakombo binti Mkopoka, na kama ulikuwa na haraka zako, heri usikutane naye njiani. Angekuuliza unakwenda wapi, na ukishamjibu angetaka kujua kwa nini usipite kule kwingine. Mume wake wa kwanza alimwacha kwa sababu ya maswali. Mwenyewe alikuwa akilisimulia hilo huku anacheka. Wa pili alifariki kabla hajamaliza kuyajibu, Mungu amrehemu.

Alichobaki nacho ni mikorosho ishirini na miwili na shamba la muhogo lililoshuka mpaka karibu na bonde la Ruvuma. Huko bondeni ndiko walikotoka nguruwe pori. Nguruwe hana haya hata kidogo: hali muhogo mmoja akashiba, anafukua tuta zima ili aonje kila mzizi. Mwezi wa saba mwaka sitini na nane Mwanakombo akachoka. Akachimba rima, shimo la kutegea nguruwe, refu kushinda kimo chake. Alilichimba katikati ya njia ya miguu inayokatisha shamba lake, maana nguruwe nao walipenda kupita palipokwisha kusafishwa. Akalifunika kwa fito na nyasi, watu akawafyekea kichochoro cha kuzungukia pembeni.

Sasa, rima lina sheria yake. Kila upande wa shimo unachomeka mti, unafunga kitita cha majani mabichi ya mkorosho usawa wa kifua. Anayekiona anazunguka. Ukiwa umeweka kitita na mtu akatumbukia, amejitakia. Usipoweka, mzigo wote ni wako: matibabu yake, shamba lake, kila kitu mpaka apone. Haikuandikwa popote, lakini hata hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aliifuata.

Mwanakombo aliweka vitita, tena viwili. Ila mikorosho ilikuwa imetoa maua, na yeye alitazama tawi moja, akatazama la pili, akapiga hesabu ya korosho zitakazopotea, mkono ukawa mzito. Akachuma majani ya muhogo. Jani si jani tu?

Kesho yake alfajiri, Andrea akatumbukia.

Andrea alikuwa mgeni. Alikimbia vita ng'ambo ya mto, akavukia Kilambo na mkewe Magreth na binti yao mdogo Veronika, na kijiji kilimpa kipande cha pori akilime. Alikuwa anakwenda kukata nguzo za nyumba. Walimtoa mle shimoni mfupa wa mguu umevunjika vipande viwili, wakampeleka Mtwara mjini, akarudi na plasta mpaka gotini. Pori lake likabaki vilevile, na mvua hazimsubiri mtu. Ndipo akaenda mahakamani kuomba jambo moja tu: aliyechimba shimo amlimie.

Mwanakombo alijua maana yake. Kufyeka pori, kulima, kupanda na kupalilia, wakati ule ule wa kuokota korosho zake! Angelazimika kutafuta vibarua, na vibarua wangeondoka na msimu mzima.

Lakini kijiji kilikuwa upande wake. Mzee Athumani, mjumbe wa nyumba kumi, alipita pale siku moja kabla ya ajali, baada ya sala ya alasiri, akaviona vitita vyote viwili kwa macho yake, na alikuwa tayari kuapa. "Kitita kilikuwepo," watu walisema. "Mgeni ana macho ya kupambia uso." Walilisema hilo kisimani, msikitini, dukani, mpaka likawa wimbo.

Siku tatu kabla ya kesi, Magreth alimfuata Mwanakombo kisimani. Hakuja kugombana.

"Dada, nasikia hapa kuna mtu mwenye dawa ya macho."

"Nani anaumwa macho?"

"Baba Veronika. Anaapa aliuona mti mtupu, lakini kila mtu anasema majani yalikuwepo. Sasa na yeye anaamini macho yake yanakufa. Mtoto ndiye anamshika mkono, hata akienda msalani."

Mwanakombo aliona aibu, lakini zaidi ya aibu alisikia mwasho ule wake wa kutaka kujua. Jioni alichota unga kwenye kibakuli, akaenda kumjulia hali mgonjwa. Akamkuta Andrea amekaa kwenye mkeka, kisigino cha binti yake mapajani, anamtoa mwiba kwa sindano. Mwiba wenyewe mwembamba kama unywele! Aliuchokoa mara moja, akauinua, akautazama, akautupa.

Alaa! Macho gani hayo yanayoona mwiba na hayaoni furushi la majani?

Kesho yake akarudi shambani. Tangu ajali watu wote walikuwa wamechungulia shimo. Hakuna aliyeangalia miti. Mzee Athumani alimwona anainama inama, akamwita. "Binti Mkopoka, acha kuchokonoa. Kesi ni yako. Nenda ukapike."

"Nataka kujua tu, mzee wangu."

Mti ulikuwepo. Kamba ilikuwepo, tena imekaza. Ndani ya kamba kulikuwa na vikonyo vimetafunwa, vimekauka. Akachuma kisamvu kingine, akakifunga vilevile, akaenda kukaa nyuma ya mkorosho. Alasiri ikapita. Mara njiani akatokea mbuzi anarudi zake nyumbani, hana wasiwasi. Akasimama, akanyanyua miguu ya mbele, akala kitita chote kama mtu aliyeandaliwa. Alikuwa na pembe moja. Alikuwa mbuzi wake mwenyewe, ambaye kila siku baada ya alasiri alifunguliwa kamba ajirudie mwenyewe.

"Shetani mkubwa wewe!" Mwanakombo alicheka mpaka akajishika mbavu. Halafu kicheko kikamkauka, akakaa chini. Aliogopa, tusimsingizie ushujaa. Aliitazama mikorosho yake ishirini na miwili iliyojaa maua, na usiku alimwangalia yule mbuzi kwa jicho la kumchinja, asije akatoa ushahidi.

Siku ya kesi Mzee Athumani aliapa. Wazee wa baraza wakatikisa vichwa. Hakimu akamgeukia Andrea, aliyesimama na mkongojo wake, mtoto kamshika mkono.

"Bwana Andrea, una shahidi?"

"Sina, mheshimiwa. Labda kweli sikuona."

"Basi mahakama—"

"Mheshimiwa, shahidi yupo." Mwanakombo alikuwa amesimama. Alifungua pindo la kanga, akaweka mezani vikonyo na kamba. "Mzee Athumani hakusema uongo, aliviona. Vililiwa baada yake. Niliweka majani ya muhogo, mheshimiwa, niliyaonea uchungu maua ya korosho. Mbuzi akala."

"Mbuzi wa nani?"

"Wangu."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu mwenyewe alificha mdomo kwa faili. "Na kama ungefunga majani ya mkorosho?"

"Mbuzi huyanusa na kuyaacha. Ningeshinda."

"Bibi, unajua unamshitaki nani?"

"Najua. Na nitalipa mimi, si mbuzi."

Hukumu ikatoka kama alivyojua itatoka: amlimie Andrea msimu mzima. Mzee Athumani alitoka nje bila kumuaga, na shangazi zake walimwita mjinga waziwazi. Yeye alikuwa analia, na hakuona haya kulia; msimu wake wote ulikuwa umekwenda.

Mlangoni kulikuwa na ngazi mbili. Veronika alimvuta baba yake kwa uangalifu, kama alivyozoea. "Baba, hapa kuna ngazi."

Andrea alisimama. Aliutoa mkono wake taratibu kwenye kiganja cha mtoto.

"Acha, mwanangu," alisema. "Naona."

Akashuka mwenyewe, ngazi ya kwanza na ya pili, kisha akageuka kumsubiri Mwanakombo ili wapange siku ya kuanza kufyeka.