Nyasi za Mama na Ufagio wa Kukhu

Miaka yote ya kazi yake, mama aliishi katika nyumba za serikali mjini Bungoma, zenye ua wa saruji iliyopasuka na kamba moja ya nguo ambayo majirani waliigombania. Alipostaafu, yeye na baba walijenga Matisi, huku Kitale, na kabla hata madirisha hayajatiwa vioo mama alikuwa amekwisha amua atakachopanda nje. Alitaka nyasi. Si nyasi za ng'ombe. Nyasi za kukanyaga bila viatu.

Akamwita fundi wa bustani, bwana mwembamba anayezunguka mtaani na jembe, reki na slasha vimefungwa kwenye baiskeli. Fundi alilima uwanja, akachagua magugu, akamwaga samadi, kisha mvua zilipoanza akapanda vipande vidogo vya nyasi kwa mistari, kama mtu anayepanda viazi vitamu.

"Mama, hii nyasi ni kama mtoto mchanga," alisema akinawa miguu. "Hakuna kukanyaga mpaka ishikane."

Mama aliyashika maneno hayo kama amri kutoka mbinguni. Alizungushia uwanja kamba. Sisi sote tukawa tunapitia nyuma, mlango wa jikoni, hata baba na gazeti lake, akinyata kama mwizi katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Wakati huohuo dada yangu alileta habari kwamba watu wa mchumba wake, kutoka upande wa Kibabii, walikuwa tayari kuja kujitambulisha. Kwa desturi yetu, wageni wa namna hiyo hupokelewa kwenye boma la ukoo, Mabanga. Mama akaomba waje Kitale. Shangazi zangu walicheka kwenye simu. "Ati tupokee wakwe kwenye ploti? Si watadhani hatuna kwetu?" Baba alisimama na mama, na ubishi ukaisha kwa sharti moja: siku hiyo ikienda vibaya, sherehe zote zitakazofuata zitarudi Mabanga. Kila jioni isiyo na mvua nilimwona mama na mpira wa maji, akiinyunyizia ile mistari ya kijani na kuzungumza nayo kwa sauti ya chini.

Siku chache kabla ya wageni, kukhu alifika kusaidia. Kukhu ndiye nyanya yetu, mama yake baba, na boma lake la Mabanga lina uwanja wa udongo mwekundu anaoufagia kila alfajiri mpaka unang'aa kama sahani. Kwake, jani moja karibu na mlango ni uvivu, na majani mawili ni nyoka. Alifika giza limeshaingia, tukamwingiza kwa mlango wa jikoni, akala, akalala.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya jembe.

Nilipotoka, kukhu alikuwa ameinama katikati ya uwanja, leso imefungwa kiunoni, amekwisha ng'oa nyasi kuanzia kwenye geti mpaka mlango wa mbele. Sasa alikuwa anafagia. Kamba ya mama ameikunja vizuri na kuitundika kwenye msumari.

"Mmelala kama watu wa ofisi," akaniambia. "Na wakwe wanakuja! Mngewapokea kwenye kichaka?"

Mama alitokea nyuma yangu. Alitazama ule mkanda mtupu wa udongo. Kwetu mke hamkemei mama mkwe wake, hata kama ameng'olewa moyo pamoja na mizizi.

"Asante, mama," alisema. "Chai iko tayari." Akanishika mkono, akanivuta mpaka jikoni. "Mwambie wewe. Wewe ni mjukuu."

Baba, aliyekuwa mezani, aliinua gazeti likafunika uso wote.

Basi nikabeba kikombe cha chai na kumpelekea. Mjukuu na nyanya wana ruhusa ya kutaniana, na mimi ananiita mume wake tangu nizaliwe.

"Bibi yangu, leo umeng'oa kazi ya fundi tuliyemlipa."

"Fundi wa nini?"

"Wa hizo nyasi. Zilinunuliwa. Zikapandwa kwa mkono, moja moja."

Kukhu aliacha kunywa. "Nyasi... inanunuliwa?"

"Inanunuliwa, kukhu."

"Na mimi nimezaliwa nikizing'oa bure!" Alicheka mpaka chai ikamwagika, kisha akakatiza kicheko ghafla na kuangalia ukuta wa upande wa jirani. "Uwi! Mume wangu, kimbia. Zote nimemrushia ng'ombe wa jirani!"

Nilikimbia. Dada akakimbia na taulo kichwani. Tulimkuta ng'ombe ametulia, anatafuna nyasi za mama kwa heshima zote, na tukaanza kuvutana naye huku jirani akiuliza kama siku hizi tumekosa mboga. Tulirudi na nusu gunia. Fundi alipoitwa alivua kofia kama yuko matangani, akasema zitashika zikipandwa tena, lakini si kwa siku hizo zilizobaki, na wala si mahali ambapo watu watapita.

Kukhu hakuomba msamaha kwa maneno. Aliufagia ule mkanda siku zote zilizofuata, akaumwagia maji, akaukanyaga kwa miguu yake mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Mama alikuwa anamtazama kutoka dirishani. Sikujua anawaza nini.

Wageni walikuja wakiimba. Akina mama wa Kibabii walishuka nje ya geti, wakaingia kwa kucheza, mabega yakitikisika, na udongo ukaitikia vishindo vyao. Wangeingilia wapi kama si hapo? Mama, ambaye alikuwa amejiandaa kuwapitisha watu jikoni kwa mstari mmoja, alitoka mlangoni akacheza kuwalaki, viatu vyake vipya vikawa vyekundu. Pande zote mbili nyasi zilizosalia zilisimama za kijani, zimeshikana, hakuna aliyezikanyaga.

Baada ya mazungumzo kwenda vizuri, mama mzazi wa mchumba alitoka nje kupunga upepo. Alizitazama nyasi, akauliza kama anaweza kuzikanyaga. Nilimwona mama akiitupia jicho kamba yake pale kwenye msumari. Kisha akasema, "Karibu." Yule mama akavua viatu, akakanyaga, akafumba macho. Akaketi na kunyoosha miguu. Wenzake wakamfuata, na shangazi zangu pia, wale wa simu, mpaka pembe yote ya uwanja ikajaa vitenge. Mama alivua viatu vyake vyenye udongo, akaketi katikati yao.

Kukhu peke yake alikataa. Alikalia kiti chake juu ya udongo wake, miguu ameiinua kidogo kwa kuogopa nyoka.

"Nyinyi," aliita, "mkimaliza kucheua huko, mje mle chakula cha watu!"

Na mama akacheka, mbele ya mama mkwe wake, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia Bungoma, akaanguka chali kwenye nyasi zake.