Udongo Alioulinda Yaya

Kaka yangu mkubwa Trésor, ambaye kwa desturi yetu tulimwita Yaya, alifia Ubelgiji, na visa yangu ilitoka akiwa ameshazikwa. Nyumbani kwetu Kongo, katika komini ya Lubumbashi iitwayo Kenya, Mama alikataa kuondoka kwenye mkeka wa kilio. "Uniletee udongo ya fasi alikufia," akaniambia. "Bila ile, kilio haitaisha." Nikaondoka Lubumbashi na neno hilo tu kichwani: udongo wa mahali alipofia.

Kwenye kituo cha treni huko Ubelgiji alinipokea Lieve, mama wa makamo aliyefanya kazi na Yaya. Kesho yake asubuhi tulifika kwenye uwanda wa matope, baridi ikinitoa machozi. Kazi ya Yaya ilikuwa kulinda aina moja ya nondo, mdudu wa mabawa aliye mdogo kuliko punje ya mchele. Tulimcheka sana kwa hilo. Kwetu nondo ana maana iwapo watoto wake ni finkubala, viwavi wa kukaanga.

Lieve alisimama mbele ya kichaka kisichofika magotini. "Hapa ndipo nilipomkuta. Moyo wake ulisimama akikagua majani."

Akanieleza kwamba kiwavi wa nondo huyo hula jani la kichaka hicho tu, kisha hushuka kulala udongoni mpaka joto lirudi. Vichaka vyenye nondo hao vilikuwa vimebaki vichache.

"Nahitaji udongo wa hapa," nikasema.

"Chukua wa kaburini, tafadhali. Huu ndio alioulinda."

Nilikasirika. Mama yangu yuko sakafuni, na huyu ananinyima matope! Alipotangulia garini nilichota viganja viwili, nikafunga kwenye leso.

Niliporudi Lubumbashi, Mama aliumimina udongo kwenye sahani, akauweka karibu na mbabula, jiko letu la makaa, tukingoja wajomba kutoka Kasenga waje tuuzike. Asubuhi ya siku ya nne chembe yenye kung'aa ilipanda pazia. Nilimtambua nondo yule kwa picha alizotutumia Yaya. Alihangaika kwenye kioo cha dirisha mchana kutwa.

"Kale kadudu kanatafuta nini?" Mama akauliza.

"Jani yake."

"Basi ukaletee."

"Huku haiko, Mama."

Mama akamsogelea nondo pale dirishani. "Na yaya yako, kule alipata ya kwake?"

Jioni nondo alianguka. Mama akamwokota kwa ncha ya kidole, akamrudisha sahanini, na wajomba walipofika tukazika vyote pamoja.

Sasa Mama analala kitandani. Lieve sijamwandikia. Nimejifunza kwamba kilio chetu nilikimaliza kwa kuua kile ambacho Yaya alikifia.