Fundi Nyameke na Ubao Usioitikia Hodi

Wakala rasmi wa kampuni inayounda laptopu zile ametamka, kwa karatasi yenye mhuri, kwamba ubao mkuu wa mashine ni kitu kimoja kisichogawanyika, hautengenezwi, hubadilishwa. Tamko hilo limebandikwa ukutani katika ofisi yake yenye kiyoyozi, na sisi wa soko la Market Circle, mjini Takoradi, tunaliheshimu kama tunavyoheshimu matamko yote yaliyobandikwa juu kuliko kimo cha mtu.

Madam Esuon Baidoo, mwalimu kutoka kijiji cha pwani cha Busua, ambaye laptopu yake ya kampuni hiyo ilikuwa imekataa kuwaka, alilisoma mara mbili, kisha akauliza kuhusu kumbukumbu iliyomo ndani. Akaambiwa kwa upole kwamba kumbukumbu imelehemiwa kwenye ubao huohuo, kwa hiyo ukitupwa ubao nayo imetupwa. Humo mlikuwa na nyimbo za Kiahanta alizorekodi kwa akina bibi wa vijiji vyote vya pwani ile, wengi wao sasa wakiwa makaburini. Nakala nyingine hakuwa nayo. Alitoka hapo akaja kwa fundi wetu, Nyameke Arloo.

Nyameke si mtu wa unyenyekevu. Shati lake la kazi hulipiga pasi hadi kola, na akilehemu kitu kikapendeza huwaita wapita njia waje kutazama kwenye hadubini, akiwemo muuza kenkey na madonge yake ya mahindi. Lakini meza yake ina adabu ambayo sijaiona katika hospitali kadhaa: hakuna kinachopashwa moto kabla ya kupimwa, na hakuna kinachopimwa kabla mwenye mali hajahojiwa. Wenzake wengi hapa mtaani hubadilisha chaja, kisha betri, kisha namba zao za simu.

Alichomeka chaja yenye kijimita katikati ya waya. Chaja hizi hubisha hodi kwa volti tano. Ubao ukiwa hai huitikia, na volti hupanda hadi ishirini. Huu haukuitikia. Akaufungua, akainamia hadubini. Karibu na tundu la chaja, miguu ya chipu moja ilikuwa imeota kutu ya kijani.

Akamuuliza Madam kama kuna kilichomwagika. Hakuna. Chai, mvua, supu ya mawese? Akajibiwa hapana kwa kila kimoja, na Madam akaanza kumkunjia uso kiualimu. Swali lilikuwa na uzito wake. Kinachomwagika kwa bahati mbaya hubaki upande mmoja. Lakini kama maji yalikuwa yameenea, na fundi akapitisha umeme kabla ya kuosha, chipu zilizosalia zingeungua, na wale akina bibi wangekufa mara ya pili.

Ebo Tandoh, jirani muuza makava ya simu, alikuwa ameshasogeza kiti asikie vizuri. Nyameke akamtuma kenkey. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Madam, hii haikumwagikiwa. Hii imebatizwa. Nani aliiombea?"

Takoradi hakuna mashine inayokufa bila kuombewa, ama kabla ama baada. Madam akatazama barabarani. Akaeleza kwamba kaka yake ni mzee wa kanisa, na mitihani ya wanafunzi wake ilipokaribia aliinyunyizia laptopu maji ya baraka, yenye chumvi, kona hadi kona.

"Ni mtu mwema," akaongeza. "Sasa nikisema maji yake yameua, nitakuwa nimesema nini?"

"Utakuwa umesema yamefika kila mahali. Kaka yako hafanyi kazi nusunusu, dada."

Basi akang'oa vifuniko vyote vya bati, hata kile cha kumbukumbu, ambacho kama ingekuwa chai asingekigusa. Chini yake palikuwa na mstari mweupe wa chumvi. Akauosha ubao wote kwa spiriti, akausugua kwa mswaki laini, akaukausha. Ndipo akapima, akakuta njia kuu ya umeme imepiga shoti. Akaipitishia volti moja tu, akadondosha spiriti, akatazama. Penye shoti hupata joto, na palipokauka kwanza ni juu ya kapasita ndogo kuliko punje ya ufuta. Akaing'oa, shoti ikaondoka. Chipu yenye kutu akaibadilisha kwa nyingine kutoka ubao uliokufa, akipuliza hewa ya moto huku kipande cha foili kikiikinga kumbukumbu iliyo jirani. Ebo alikuwa amerudi na kenkey mkononi na mzaha tayari mdomoni. Akautazama uso wa Madam, akaumeza mzaha wake. Kwa Ebo hiyo ni ibada.

Chaja ikabisha. Tano. Tano bado. Kisha ishirini.

Madam hakushangilia. Alitafuta faili moja, akabonyeza, na sauti nyembamba ya bibi ikatoka ikiimba, ikakohoa, ikamfukuza kuku, ikaendelea kuimba. Nyameke aliusikiliza wimbo wote, jambo ambalo hatujawahi kuliona, ndipo akaanza kuita watu waje kwenye hadubini.

Nyimbo zilinakiliwa siku ileile. Nakala moja inatunzwa na kaka yake Madam, ambaye ameombwa tu aiweke mahali pakavu. Laptopu yenyewe Madam bado anafundishia Busua. Ubao ni uleule.